Mji Uugeukie Mto Wake: Hotuba kwa Wakazi wa Bonde la Msimbazi

Hotuba hii niliitoa Magomeni, Dar es Salaam, mbele ya wakazi wa mitaa ya bondeni, wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa mipangomiji. Wengi waliokosa nafasi ya kufika wameiomba. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka.

Mwenyekiti wa mkutano, wenyeviti wa serikali za mitaa, wazee wangu, mama zangu, vijana, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni sana.

Nianze na swali jepesi. Humu ukumbini, nani ni Simba? Na Yanga je? Naona mikono imejaa pande zote mbili. Wekundu wa Msimbazi. Wana Jangwani. Timu mbili zinazogawa nyumba zetu, mume huku mke kule, na zote zimebeba majina ya bonde moja.

Sasa swali la pili. Nani kati yenu, mwaka huu, amekwenda ukingoni mwa Mto Msimbazi kwa hiari yake, akakaa, akayatazama maji kwa raha tu?

Sioni mkono.

Hilo ndilo limenileta hapa. Jina la mto tunaliimba kila wikiendi, mto wenyewe tumeupa mgongo. Tazameni nyumba za kingoni kuanzia Tabata, Kigogo, mpaka Mkwajuni. Milango inatazama uchochoro. Upande wa mto kuna nini? Choo, bafu, jalala. Mvua kubwa ikianza usiku wa manane sote tunajua nini kinafanyika: mtu anatoka na tochi anatapisha choo, anamwachia mto kazi ya kubeba. Na msidhani ni wakazi wa bondeni peke yao. Mji mzima umefanya hivyo. Kutoka Kariakoo hadi Jangwani ni mwendo mfupi wa miguu, Upanga iko juu pale, Barabara ya Morogoro inapita katikati ya bonde, na abiria wa daladala wanafunga vioo wakifika darajani.

Sasa tunasikia habari ya kulipendezesha eneo hili la katikati ya jiji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi. Kuna daraja jipya la Jangwani, kuna kuchimba na kupanua mto, kuna bustani kubwa ya jiji pale ambapo leo ni tope na magugu. Niseme mapema ili nisieleweke vibaya: mimi naunga mkono. Nimeisubiri kazi hii maisha yangu yote ya utumishi. Lakini nataka tukubaliane, ndugu zangu, mto unapendeza lini? Unapendeza ukipandwa maua? Unapendeza ukiwekewa taa? Mimi nasema mto unapendeza siku mji unapougeukia. Siku watu wanapokuwa na sababu ya kufungua mlango upande wa maji.

Na mlango huo hakuna atakayeufungua kama maji yanaua. Tuanzie hapo.

Mnakumbuka Desemba 2011. Wengine humu mlikuwa juu ya mapaa. Mvua ilinyesha siku mbili tatu, bonde likajaa, na katika jiji hili walikufa watu zaidi ya 40. Familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, mbali na shule za watoto, zikaanza upya kwenye mahema. Mwishoni mwa mwaka 2015 ikaja bomoabomoa, X nyekundu kwenye kuta, tingatinga asubuhi. Na maji hayakuacha kuja. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, katikati ya bonde, na mwaka 2018 tukaona mabasi yamesimama ndani ya maji. Kila masika barabara inafungwa, watu wa Magomeni wanazunguka mji mzima kufika Kariakoo wanakokuona kwa macho.

Kwa nini? Mvua peke yake? Hapana. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu. Kule juu miti inakatwa, viwanja vinasafishwa, barabara za mitaa zinachongwa bila mitaro, na kila mvua inashuka na mchanga. Mchanga unasafiri, ukifika Jangwani ambako ardhi ni tambarare, maji yanapunguza mwendo na mchanga unatua. Mwaka hadi mwaka unatua. Chini ya daraja pale, nafasi iliyokuwa ya mtu kusimama ikawa ya mtu kuinama, kisha ya mtu kutambaa. Wazee husema mto umepanda. Wazee wangu, kilichopanda ni sakafu ya mto. Maji ni yaleyale, chumba chake ndicho kimejaa.

Niruhusuni niwapeleke mbali kidogo. Kuna mji unaitwa San Antonio, kule Texas, Marekani. Nao una mto mdogo unaojipinda katikati ya mji. Septemba 1921 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, wakafa watu zaidi ya 50, na maduka ya katikati ya mji yakajaa matope. Wataalamu wakashauri: jengeni bwawa juu ya mji, chimbeni mfereji ulionyooka wa kuchepusha maji ya mafuriko. Mpaka hapo sawa. Lakini palikuwa na wazo la tatu, kwamba lile pindo la mto linalobaki katikati ya mji lifukiwe, ligeuzwe mtaro wa chini, juu ipite barabara. Wakinamama wa mji ule walikuwa wameunda chama cha kuhifadhi urithi wao mwaka 1924, nao wakawa miongoni mwa waliolikataa wazo hilo.

Bwawa likajengwa. Mfereji ukachimbwa. Pindo likaachwa. Mwaka 1929 mbunifu wa majengo, kijana aitwaye Robert Hugman, akaleta mchoro: ngazi za mawe za kushukia mtoni, vijidaraja, njia ya kutembea kando ya maji, na maduka yanayofungua milango upande wa mto. Yeye mwenyewe alihamishia ofisi yake chini, usawa wa maji, na watu wakamwambia atazama. Ujenzi ukaanza 1939, ukamalizika 1941.

Sikilizeni yaliyofuata, maana hapa wengi wanaokisimulia kisa hiki huparuka. Mawe yalikamilika. Miti ilipandwa. Na watu hawakushuka! Wenye maduka waliendelea kutazama barabarani kama zamani. Mwaka 1946 mgahawa mmoja, Casa Rio, ukafungua mlango upande wa maji, na kwa miaka mingi haukuwa na majirani wa kutosha. Kule chini kukawa giza, pakaogopwa, hata wanajeshi wa kambi za jirani wakapigwa marufuku kwenda. Ngazi nzuri, mawe mazuri, taa nzuri, na mahali pakawa pa kutisha. Ilichukua maandalizi ya maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1968 ndipo wenye majengo walipoanza kutoboa kuta zao za nyuma na kuweka milango. Leo hapo ni miongoni mwa sehemu zinazotembelewa zaidi katika jimbo lote la Texas.

Mmeona mpangilio? Kwanza mafuriko yalipatiwa njia. Kisha mawe. Kisha, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kungoja, milango. Sisi tunayo nafasi ya kuifikiria milango leo, kabla ya jiwe la kwanza la njia ya kutembea. Wanafunzi wangu wa mipangomiji, viwanja vya kingoni vitakapogawiwa, masharti yaandikwe kwenye hati: jengo lifungue upande wa mto, chini pawe na duka au mgahawa, usiwepo ukuta wenye vigae vya chupa juu. Kuta zenye vigae tunazo za kutosha katika jiji hili.

Nikija kwenye uchafu, hapo nitasema kwa uchungu kidogo.

Watu wakiwaza kupendezesha mto, huanza na pale panapoonekana. Nairobi, jina lenyewe kwa Kimaasai ni maji baridi. Mwaka 2008, chini ya waziri John Michuki, sehemu ya ukingo wa mto karibu na katikati ya mji, iliyokuwa jalala na maficho ya wahalifu, ilisafishwa ikawa bustani, na baadaye ikapewa jina lake. Kazi ya heshima ile. Lakini simama ndani ya bustani uangalie maji yanayopita. Yanatoka juu, na juu kuna mabomba ya majitaka na taka za vitongoji vizima. Bustani haina uwezo wa kumwambia mto usinuke.

Singapore walikwenda kinyume, na nataka mjue ugumu wake. Katika miaka ya 1970 Mto Singapore ulikuwa umejaa mashua za mizigo, kingoni maghala na wachuuzi wa vyakula, na kwenye vijito vinavyoulisha mazizi ya nguruwe na bata. Februari 1977 waziri mkuu wao, Lee Kuan Yew, aliwaambia watendaji wake kwamba baada ya miaka 10 watu waweze kuvua samaki mtoni humo. Miaka kumi! Hebu fikirieni sisi tunavyohesabu miradi kwa miezi.

Walianzia wapi? Hawakugusa mandhari kwanza. Waliondoa mifugo juu. Familia zipatazo 26,000 zilihamishiwa kwenye nyumba zenye vyoo vilivyounganishwa na mfumo wa majitaka. Wachuuzi wapatao 5,000 wa mitaani walijengewa masoko ya chakula yenye bomba, yenye mtaro, yenye mahali pa kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Mashua zikahamishwa mwaka 1983. Ndipo tope la chini likazolewa, na kingo zikajengwa mwishoni. Mwaka 1987 kazi ikakamilika kwa gharama ya dola zao milioni 170 hivi, mbali na gharama za kuhamisha watu.

Sisemi tuige kila kitu. Wenzetu wale walihamisha watu kwa mkono mzito, na mashua zilipoondoka, kazi ya vizazi iliondoka nazo na mto ukanyamaza. Lakini angalieni lile la wachuuzi. Mama muuza tambi alikuwa anamwaga maji machafu mtoni kwa sababu hakuwa na pengine pa kumwaga. Walipompa bomba na mtaro, akaacha. Hakuhubiriwa. Hakutozwa faini akiwa hana njia nyingine. Alipewa mahali. Na utamaduni ule wa masoko ya chakula mwaka 2020 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Turudi nyumbani. Yule jirani yetu anayetapisha choo usiku, ni mtu mbaya? Nauliza kwa dhati. Shimo lake limejaa. Gari la majitaka haliingii kwenye uchochoro wake. Likiingia, bei ni kodi ya mwezi mzima ya chumba. Vingunguti kuna mitaa ambayo wakazi walijiunganisha kwa mabomba membamba ya majitaka, yanayofukiwa kina kifupi, yanapita uchochoroni ambako bomba kubwa lisingepita, mpaka kwenye mabwawa ya majitaka yaliyopo palepale. Hiyo ndiyo kazi ya kupendezesha katikati ya jiji, ndugu zangu, ingawa inafanyika Vingunguti na hakuna atakayeipiga picha. Pamoja na kuzibana gereji zinazomwaga oili, viwanda, na machinjio. Mchicha unaomwagiliwa kwa maji hayo unaliwa na nani? Unaliwa Masaki, unaliwa Sinza, unaliwa hapa hapa. Watafiti wameshakuta metali nzito ndani ya mboga za bonde hili. Mto tulioupa mgongo unarudi kwetu kwenye sahani.

Sasa watu. Hapa nitaungama jambo.

Nilipoajiriwa, nikiwa afisa mipangomiji kijana, tulikuwa tunapaka ramani rangi kwa mkono. Nilipewa karatasi kubwa yenye bonde letu. Nikalipaka kijani, lote, kutoka juu mpaka kwenye mikoko karibu na Daraja la Salenda. Kijani maana yake ni eneo la wazi, pasijengwe. Nikainua karatasi dirishani nikaiangalia, nikafurahi ilivyopendeza. Nikaikunja, nikaikabidhi. Kushuka bondeni sikushuka.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nikatumwa Kigogo na nakala ya ramani ileile. Nikasimama nikahesabu hatua kutoka barabarani mpaka nikawa katikati kabisa ya rangi yangu ya kijani. Nikainua macho. Mama anakaanga samaki. Fundi baiskeli amepindua baiskeli ya mtoto, mtoto amesubiri. Wasichana wawili wanasukana. Wote wananitazama, na karatasi yangu inasema hapa hakuna mtu. Nilishindwa kuuliza nililotumwa kuuliza. Nilikaa kwenye kigoda cha yule mama, nikanunua samaki.

Ndiyo maana habari ya Seoul, Korea Kusini, inanigusa. Kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa kwa zege, juu yake imepita barabara ya nguzo iliyobeba magari usiku na mchana. Julai 2003 meya wa mji, Lee Myung-bak, akaanza kuibomoa. Mwaka 2005 kijito kikafunguliwa, karibu kilomita 6 za maji katikati ya jiji, watu wakaweka miguu majini. Dunia nzima ikaja kujifunza, na ni kweli pana mengi ya kujifunza. Ila wachuuzi waliokuwa chini ya barabara ile walipelekwa kwenye uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun. Baada ya miaka michache uwanja nao ukabomolewa ili kujengwa jumba kubwa la kisasa, lililofunguliwa mwaka 2014. Wachuuzi wakahamishwa mara ya pili. Mtu aliyezoeleka na wateja wake miaka thelathini, ukimhamisha mara mbili ndani ya miaka mitano, umemwachia nini?

Kwetu ni nani hao? Ni vijana wanaochota mchanga mtoni na kuuza kwa ndoo. Kazi yao ndiyo ileile mradi utakayolipia mitambo kuifanya. Je, hakuna sehemu ya mto wanayoweza kupewa waitunze kwa mkataba, kila mwaka, maana mchanga wa Pugu hautaacha kuja? Ni waokota chupa za plastiki, ambao wakigoma wiki moja kila kalavati litaziba. Ni waosha magari, mafundi, mama lishe. Mwenye nyumba huandikwa kwenye daftari la fidia. Mpangaji wa chumba kimoja anaandikwa wapi? Mwenye meza ya nyanya anaandikwa wapi? Naomba wenyeviti wa mitaa mlioko hapa msisubiri mtu wa jijini aje na fomu. Chukueni daftari lenu wenyewe, la kaunta, la shilingi elfu mbili tatu. Andikeni jina, kazi, mahali anapokaa, miaka aliyokaa. Siku vizimba vya bustani vitakapogawiwa, jina lililo kwenye daftari lina uzito kuliko kilio. Nimeona hili ofisini kwa macho yangu miaka 31.

Na bustani yenyewe isiwe na kiingilio. Hili sitalizungusha. Iwe na vyoo vya umma vinavyofanya kazi, bomba la kunywa, vivuli vya miembe na mikwaju, maana jua la Januari mnalijua, na isiwe na geti linalofungwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtu wa Manzese ndiyo kwanza anatoka kazini.

Nimalizie kwa salamu niliyotumwa.

Wiki iliyopita nilishuka bondeni kujiandaa na hotuba hii. Nikamkuta mama analima mchicha, matuta yake yamenyooka kuliko mistari yangu ya ramani. Nikamweleza habari ya mradi, daraja, bustani, njia za kutembea. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Kisha akaniambia, "Mama, shikamoo yako nimeipokea kwa kazi nzuri unayoisema. Sasa hiyo bustani, mimi na mchicha wangu tutaingia kwa mlango upi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia swali lake si la kulibeba mimi, aje alilete mwenyewe mbele ya wenyeviti na mbele ya hawa vijana wanaokwenda kuchora michoro. Amekuja. Amekaa mstari wa nyuma, yule mwenye kanga begani. Naomba mmoja wenu ampelekee kipaza sauti.